UZI: "Underdog" ni nani hasa? Tulitumie neno hili mahali pake

Wakuu, habari za wakati huu.

Kwa muda sasa nasoma mabishano ya michezo humu na kuona neno "underdog" likirushwa kila upande. Timu ikipanda daraja, underdog. Msanii akitoa wimbo wa kwanza, underdog. Mwanasiasa akihama chama, underdog. Kuna aliyeandika kwamba klabu yenye mataji mengi kuliko zote Ulaya iliingia uwanjani kama underdog kwa sababu ilikuwa na majeruhi wawili. Nimeona nifungue uzi tulijadili kwa kina, kwa sababu neno hili lina kazi yake maalumu, na tukilibandika kwenye kila kitu halitabaki na kazi yoyote.

Underdog ni mshindani ambaye, kabla ya pambano kuanza, watu wengi wanaamini atashindwa. Basi. Si lazima awe mdogo, si lazima awe maskini, si lazima awe mgeni, na wala si lazima ashinde. Wengi humu wanadhani maana yake ni "mshindi asiyetarajiwa". Hapana. Akishindwa alikuwa underdog, akishinda alikuwa underdog vilevile. Tunawakumbuka walioshinda tu kwa sababu wale wengine walipigwa kama ilivyotabiriwa na hakuna aliyehangaika kuandika habari zao.

Watangazaji wetu wa mpira wanalisema jambo hilohilo kila wiki kwa Kiswahili kilichonyooka: "timu ambayo haikupewa nafasi". Nafasi hupewa mtu, na hunyimwa. Kwa hiyo kuna mtoaji. Kuna watu fulani waliokaa, wakapima, wakaamua. Mimi nikisoma kwamba fulani ni underdog, swali langu la kwanza ni: nani kasema, na kwa kipimo gani?

Magazeti ya michezo, hasa ya Kenya, yanapenda sana neno "vibonde". Tahadhari hapo. Kibonde ni yule anayefungwa na kila mtu, yuko mkiani, ukipangwa naye unahesabu pointi tatu kabla ya safari. Underdog anaweza kuwa timu nzuri kabisa iliyokutana na iliyo bora zaidi. Mwaka 2004 Ugiriki walikwenda Ureno kwenye Mataifa ya Ulaya bila kuwahi kushinda hata mechi moja kwenye fainali za mashindano makubwa. Hao hawakupewa nafasi hata kidogo. Lakini walikuwa wameongoza kundi lao la kufuzu mbele ya Hispania, chini ya kocha Mjerumani, Otto Rehhagel. Vibonde hawaongozi kundi lenye Hispania. Wakamfunga mwenyeji Ureno mechi ya ufunguzi, wakamtoa Ufaransa aliyekuwa bingwa mtetezi, kisha wakamfunga tena Ureno kwenye fainali, 1-0, kichwa cha Angelos Charisteas.

Sasa neno lenyewe. Lilitoka kwenye mapigano ya mbwa, mchezo wa kikatili uliochezewa kamari Uingereza na Marekani. Uingereza waliupiga marufuku kwa sheria ya 1835, lakini uliendelea kwa kificho, na lugha yake ikabaki. Mbwa aliyeelemewa, aliyelazwa chini na mwenzake, ndiye "mbwa wa chini". Aliyemkalia ni "mbwa wa juu", na ndiyo sababu mpaka leo kwa Kiingereza mkubwa wa mahali huitwa "top dog". Yako maelezo mengine yanayozunguka mitandaoni, kwamba asili yake ni wapasua mbao, mmoja juu ya shimo na mwingine chini akimwagiwa unga wa mbao machoni. Yanavutia, ila matumizi ya zamani ya neno hili katika maandishi ya karne ya 19 yanahusu ugomvi wa mbwa, na mimi nasimama hapo.

Ona pia lilivyosogea. Mwanzoni lilikuwa la mbwa ambaye tayari anapigwa. Leo ni la mshindani ambaye bado hajapigwa ila tunaamini atapigwa. Limehama kutoka kwenye kinachoonekana kwa macho kwenda kwenye kinachodhaniwa, na kuchanganyikiwa kote kwa leo kunaanzia hapo, kwa sababu kila mtu ana dhana yake.

Wanaobeti ndio wanaoweza kulipima. Ukifungua mkeka, ile orodha ya mechi za kubeti, ukakuta timu A ina odi 1.30 na timu B ina odi 9.00, kampuni imekuambia kwa shilingi nani hapewi nafasi. Weka 1,000 kwa B, ikishinda unapokea 9,000. Gawa 1 kwa 9 unapata kama asilimia 11, na hiyo ni kabla hujaondoa faida ambayo kampuni imejiwekea ndani yake, kwa hiyo wanaona uwezekano ni mdogo zaidi ya hapo. Simshawishi mtu kubeti, nimeona mikeka mingi mno ikichanika. Nasema tu kwamba odi ni kipimo kinachoandikwa kabla ya mechi, kina tarehe, na hakuna anayeweza kukibadilisha baadaye ili hadithi inoge.

Kwa kipimo hicho, mfano ambao dunia nzima inaujua ni Leicester City. Msimu wa 2015/16 ulipoanza, baadhi ya kampuni za kubeti Uingereza ziliwapa odi ya 5,000 kwa 1 kuchukua ubingwa. Paundi 1 kwa paundi 5,000. Msimu uliotangulia walikuwa mkiani mwa ligi wakati wa Krismasi, wakajiokoa kwa kushinda mechi 7 kati ya 9 za mwisho. Kocha akaondolewa, akaletwa Claudio Ranieri, ambaye kazi yake ya mwisho ilikuwa timu ya taifa ya Ugiriki na alifukuzwa baada ya kufungwa nyumbani na Visiwa vya Faroe. Jamie Vardy walimtoa Fleetwood Town, timu ya nje ya ligi, kwa paundi milioni 1. Riyad Mahrez walimtoa Le Havre, daraja la pili Ufaransa, kwa paundi zisizofika nusu milioni. N'Golo Kanté alitoka Caen.

Msimu ukaisha wana pointi 81, pointi 10 mbele ya Arsenal walioshika nafasi ya pili. Walifungwa mechi 3 tu kati ya 38. Vardy alifunga katika mechi 11 mfululizo za ligi.

Na hapa ndipo ninapotaka tutulie. Ile odi ya 5,000 ilikuwa kipimo cha Leicester, au kipimo cha uvivu wa waliopima? Timu iliyoshinda mechi 7 kati ya 9 na kumwongeza Kanté si timu ya 5,000 kwa 1. Nadhani kampuni ziliandika namba kubwa tu kwa sababu kwa miaka mingi ligi ile ilikuwa imechukuliwa na wachache walewale, na hakuna aliyeona haja ya kupiga hesabu. Kwa hiyo Leicester walikuwa underdog, ndiyo, hakuna ubishi. Ila neno hilo linatueleza habari za waliowatazama kuliko habari za Leicester wenyewe.

Nitarudi na mfano wa Zambia.

*

Nimerudi wakuu. Zambia 2012 naomba mnivumilie, hii naipenda na nitaiandika kwa urefu.

Tarehe 27 Aprili 1993 ndege ya jeshi iliyobeba timu ya taifa ya Zambia kwenda Senegal, kwenye mechi ya kufuzu Kombe la Dunia, ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Libreville, Gabon. Watu wote 30 walikufa, 18 kati yao wachezaji. Kalusha Bwalya, nyota wao mkubwa, hakuwamo kwa sababu alikuwa anachezea PSV ya Uholanzi na alikuwa asafiri kivyake.

Miaka 19 baadaye Gabon na Guinea ya Ikweta wakaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa pamoja. Zambia wakacheza mechi zao zote upande wa Guinea ya Ikweta, na njia pekee ya kufika Libreville ilikuwa kuingia fainali. Mechi ya kwanza wakamfunga Senegal 2-1, Senegal ambayo wengi waliitaja miongoni mwa zinazoweza kuchukua kombe. Nusu fainali wakakutana na Ghana. Asamoah Gyan akapiga penalti, kipa Kennedy Mweene akaipangua, kisha Emmanuel Mayuka akatokea benchi na kufunga bao pekee.

Fainali ni Ivory Coast. Didier Drogba, Yaya Touré, Kolo Touré, Gervinho, Salomon Kalou. Mpaka siku hiyo walikuwa hawajaruhusu bao hata moja kwenye mashindano. Kabla ya mechi, wachezaji wa Zambia walikwenda ufukweni wakaweka maua baharini kwa ajili ya wale wa 1993. Kalusha alikuwa nao, safari hii akiwa rais wa chama cha soka cha Zambia.

Drogba akapaisha penalti ndani ya dakika 90. Zikaisha dakika 120 bila bao. Kwenye mikwaju, zikapigwa mpaka nane kwa saba. Kolo Touré akakosa, Rainford Kalaba wa Zambia naye akakosa, kisha Gervinho akapaisha, na Stoppila Sunzu akafunga wa mwisho. Wachezaji walikuwa wanaimba wakati anauendea mpira. Kocha Hervé Renard akamnyanyua Joseph Musonda, beki aliyeumia mapema na kutoka akilia, akambeba mikononi kwenda kushangilia na wenzake.

Sasa mjadala wetu. Zambia walikuwa underdog? Ndiyo, kabisa. Lakini tazameni walikuwa akina nani. Renard alishawafikisha robo fainali mwaka 2010, wakatolewa na Nigeria kwa penalti. Sunzu na Kalaba walikuwa TP Mazembe ya Lubumbashi, Katanga, kule DR Congo, klabu iliyochukua ubingwa wa Afrika 2009 na 2010, na 2010 hiyohiyo ikacheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu dhidi ya Inter Milan. Nahodha Christopher Katongo na wenzake walikuwa wamecheza pamoja miaka. Waliopima walitazama majina ya klabu za Ulaya kwenye orodha ya Ivory Coast, hawakutazama Lubumbashi. Ndugu zetu wa Katanga wanaosoma uzi huu hawakushangaa kama ulivyoshangaa ulimwengu.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Tukimwita mtu underdog baada ya kushinda, mara nyingi tunamnyima ile haki. Tunasema ni muujiza, ni bahati, ni Mungu tu. Miaka ya mazoezi inapotea kwenye hadithi.

*

Naona maswali yamekuwa mengi. Nitajibu ninayoyaweza.

Aliyeuliza kama msanii chipukizi ni underdog. Hapana mkuu, na nadhani najua tulipokosea. Kwenye Bongo Fleva tuna neno "andagraundi", yule msanii ambaye hajatoka, anarekodi, anahangaika redioni, hajulikani. Maneno mawili yanaanza kwa sauti moja, basi watu wameyachanganya, na siku hizi unasoma "underdog" pahali ambapo mtu alitaka kusema andagraundi. Andagraundi hajulikani. Underdog anaweza kujulikana na kila mtu, na wote wakakubaliana kwamba leo atapigwa. Na ili uwe underdog lazima kuwe na pambano: tuzo, shindano, kura. Kijana anayeimba chumbani kwake Mbagala hashindani na mtu bado. Mwite chipukizi. Siku akitajwa kwenye tuzo pamoja na majina makubwa, siku hiyo ndiyo atakuwa underdog wa kipengele hicho.

Aliyeuliza tofauti na ule msemo wa Kiingereza wa "dark horse", farasi asiyejulikana: huyo ni mshindani ambaye hatuna habari zake, anaweza kuwa mzuri au mbaya. Kwa underdog, habari tunazo, au tunadhani tunazo.

Swali la Morocco ni zuri sana na nashukuru limeulizwa. Mkuu amesema, "Morocco walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2022, kwa hiyo ni underdog wa Afrika." Tarehe ni muhimu. Desemba 2022 kule Qatar, mbele ya Hispania na Ureno, ndiyo, Morocco hawakupewa nafasi. Walid Regragui alikuwa na miezi michache tu kazini. Wakamtoa Hispania kwa penalti, wakamfunga Ureno 1-0, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali. Halafu ikafika Januari 2024, Kombe la Mataifa ya Afrika pale Ivory Coast. Morocco haohao, kocha huyohuyo, sasa kila mtu anawapa kombe. Hatua ya 16 bora wakakutana na Afrika Kusini, ambao karibu kikosi chote kilikuwa kinacheza ligi ya nyumbani. Afrika Kusini 2, Morocco 0. Achraf Hakimi aligongesha mwamba kwa penalti matokeo yakiwa 1-0.

Ndani ya miezi 13 Morocco wamekaa pande zote mbili. Hii ndiyo sababu siafiki mtu kusema timu fulani "ni" underdog kama vile anataja rangi ya jezi yao. Ni wa mechi ipi? Mbele ya nani? Wako watangazaji wa nje ambao timu yoyote ya Afrika ikitokea tu wanaiita underdog kabla hawajatazama kikosi, na sisi tunaitikia. Senegal waliomfunga Ufaransa 1-0 Seoul tarehe 31 Mei 2002 walikuwa karibu wote wanacheza ligi ya Ufaransa. Walikuwa wanawajua wapinzani wao kila wikiendi. Kwa Wafaransa Senegal walikuwa wageni kwenye Kombe la Dunia. Kwa Papa Bouba Diop na wenzake, ile ilikuwa mechi dhidi ya watu wanaofanya nao kazi.

*

Ndugu yetu wa Nairobi amekumbusha kriketi ya 2003, na amesema haki kabisa kwamba Watanzania wengi humu hatuijui. Kwa faida ya wote: Kombe la Dunia la kriketi 2003 lilichezwa Afrika Kusini, na baadhi ya mechi Zimbabwe na Kenya. Kenya, chini ya nahodha Steve Tikolo, walifika nusu fainali. Walimfunga Sri Lanka pale Nairobi kwa tofauti ya mikimbio 53, Collins Obuya akichukua wiketi 5, yaani kuwatoa wapigaji 5. Sri Lanka walikuwa mabingwa wa dunia 1996. Wakamfunga pia Bangladesh, wakamfunga Zimbabwe. Nusu fainali Durban wakasimamishwa na India, Sourav Ganguly akapiga mikimbio 111.

Wapo wanaopunguza thamani ya safari ile kwa sababu New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama na Kenya wakapewa pointi za bure. Kweli pointi zile ziliwasaidia. Ila Obuya hakupewa wiketi zake na New Zealand. Na isitoshe, Kenya hao walikuwa wameshamfunga West Indies pale Pune mwaka 1996, wakawatoa wote kwa mikimbio 93. Ukitazama hivyo, 2003 haikuanguka kutoka mbinguni.

Kilichofuata ndicho kinachoniuma. Wachezaji walizeeka, migogoro ya uongozi na fedha ikaumaliza mchezo, na mwaka 2014 Kenya ikapoteza hadhi yake ya kimataifa kwenye mechi za siku moja. Nchi ilishangilia underdog wake, ikapiga picha, kisha haikujenga. Dunia inampenda asiyepewa nafasi kwa siku ile moja aliyomwangusha kigogo. Akisharudi nyumbani anahitaji uwanja, mishahara na vijana wa kumrithi, na mapenzi yale hayalipi hivyo.

Ndondi ni hivyohivyo. Tarehe 11 Februari 1990, Tokyo, Mike Tyson akiwa na mapambano 37 bila kupoteza alipanda ulingoni na Buster Douglas. Kasino iliyothubutu kutoa odi iliandika 42 kwa 1. Douglas alikuwa amefiwa na mama yake wiki tatu tu kabla. Alidondoshwa raundi ya 8, akainuka, akamlaza Tyson raundi ya 10. Oktoba mwaka huohuo akalazwa na Evander Holyfield raundi ya 3, mkanda ukaenda. Alikuwa bingwa kwa miezi 8. Simdharau hata chembe kwa hilo. Usiku wa Tokyo ulikuwa wake kwa ngumi zake mwenyewe.

*

Kuhusu siasa, mods (wasimamizi wa jukwaa) wakiruhusu nitagusa kidogo tu.

Kwenye siasa neno hili lina hatari, kwa sababu mgombea anaweza kujipachika mwenyewe. Wapiga kura wanamwonea huruma anayeonewa, basi kila mmoja anataka aonekane anaonewa. Makocha nao wanajua mbinu hii. Februari 2014 José Mourinho, akiwa na Chelsea, alisema mbio za ubingwa ni za farasi wawili wakubwa na kifarasi kimoja kinachohitaji maziwa, kifarasi ni wao. Hiyo ni klabu iliyochukua kombe la Ulaya 2012. Alitaka tu kuwaondolea vijana wake mzigo.

Kenya 2022 ilikuwa kesi ngumu zaidi. William Ruto aliendesha kampeni ya "mahasla", watu wa kuhangaika, dhidi ya wana wa nasaba, wakati yeye mwenyewe alikuwa naibu rais kwa karibu miaka 10. Wapinzani wake walisema huwezi kuwa mnyonge ukiwa Karen, mtaa wa matajiri Nairobi, na walinzi wa serikali. Wafuasi wake walijibu kwamba rais aliyekuwa madarakani, Uhuru Kenyatta, alimuunga mkono Raila Odinga, kwa hiyo serikali ilikuwa upande mwingine. Kila upande ulikuwa na hoja ya kweli. Alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49. Maoni yangu: mtu anayepewa sehemu kubwa ya kura katika makisio si underdog, ni mshindani. Mfano wa siasa unaolistahili neno hili kwangu ni Adama Barrow wa Gambia, Desemba 2016. Mfanyabiashara wa nyumba na viwanja, hajawahi kushika wadhifa wa umma, akamshinda kwenye sanduku Yahya Jammeh aliyekuwa ametawala miaka 22. Kabla ya siku ile, ni wachache sana nje ya Gambia waliojua hata jina lake.

Aliyeleta Daudi na Goliathi, na yule aliyemkumbusha kwamba kwenye Qurani ni Daudi na Jaluti, sura ya Baqara: mmesema vema nyote. Naongeza tu kwamba kombeo halikuwa mchezo wa watoto. Lilikuwa silaha ya vita, na majeshi ya zamani yalikuwa na vikosi vya watupa makombeo. Walioogopa siku ile walipima urefu wa mtu na uzito wa mkuki, hawakupima umbali.

*

Wana Msimbazi, mashabiki wa Simba, naona mmenikalia kooni kwamba sijataja 2003. Nilikuwa naiweka karibu na mwisho makusudi. Zamalek walikuja Dar es Salaam wakiwa mabingwa watetezi wa Afrika. Simba wakashinda 1-0. Kule Cairo Zamalek wakashinda 1-0, ikaenda penalti, Simba 3-2, na Juma Kaseja golini. Bingwa mtetezi nje, Simba hatua ya makundi. Hilo ni underdog la kuandikwa kwenye kamusi, halina ubishi, na Yanga wenzangu tuwe waungwana tukubali. Lakini leo hii, Simba huyu ambaye robo fainali za Afrika amezizoea, ukimwita underdog kila anapokutana na Mwarabu utakuwa unamrudisha nyuma miaka zaidi ya 20. Ndivyo ilivyo hata kwetu Jangwani, yaani Yanga. Timu iliyocheza fainali ya Kombe la Shirikisho 2023, ikaenda Algiers na kumfunga USM Alger 1-0 kwao, na kulikosa kombe kwa bao la ugenini tu, haiwezi kuendelea kujificha nyuma ya neno hilo.

La mwisho kwa leo. Mdau ameuliza kuhusu Alphonce Simbu, marathoni ya Mashindano ya Dunia, Tokyo, Septemba 2025. Vyombo vingi vya nje viliandika "mshindi asiyetarajiwa". Mkuu, Simbu alishika nafasi ya 5 Olimpiki ya Rio 2016. Alipata shaba London 2017. Aprili 2025, miezi mitano kabla ya Tokyo, alikuwa wa pili Boston. Wengi walikuwa wanawaangalia Wakenya na Waethiopia kama kawaida, kwa hiyo kwa mujibu wa maana tuliyoanza nayo, sawa, hakupewa nafasi kubwa. Mita za mwisho ndani ya uwanja Mjerumani Amanal Petros yuko mbele, Simbu anamfuata, wote wawili wanaandikiwa saa 2:09:48, na picha ya mstari inaonyesha Simbu katangulia kwa sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo. Kama mnataka neno la kumwita, mwiteni bingwa wa dunia. La underdog wabaki nalo wale ambao hawakusoma matokeo ya Boston.

Nikipata muda nitaandika kuhusu Gor Mahia ya Kenya, 1987, kuna aliyeomba. Karibuni kwa hoja.